Jina la Kienyeji

Karatasi ngumu, rangi ya chai ya maziwa.
Juu yake mmea umelazwa, umebanwa
kama mtu aliyeambiwa asitikisike, anapigwa picha.
Pembeni, kwa wino:
Manyovu, Kigoma. Mteremko wa mawe, juu ya kijito.
Mwinuko, mita elfu moja na mia sita.
Ukoo wa bamia na pamba.
Ua la njano, kitovu cha zambarau.
Jina la kienyeji: halikupatikana.

Halikupatikana!
Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka saba,
mkononi kopo la maji na mbuzi mmoja asiyesikia.
Mtaalamu alivaa soksi mpaka magotini.
Akamuuliza shangazi Miburo, Huu mnauitaje?
Shangazi akalitazama jua kwanza.
Wataka la asubuhi au la mchana?

Maana asubuhi ua lile lilikuwa wazi kama kikombe,
ikifika saa sita limejikunja, limekaza midomo,
na sisi wa mlimani tuliliita mara mbili,
mara ya kwanza kwa kulisifu, ya pili kwa kulicheka.
Mtaalamu alikuwa na mstari mmoja wa kujaza.
Akafunga daftari.

Hakuandika vinyweleo vinavyowasha viganja.
Hakuandika gome lililovuliwa, likalowekwa kijitoni siku nane,
tukakatazwa kunywa maji ya chini,
wala harufu yake, Mungu wangu, ile harufu,
wala jiwe la kupondea, wala nyuzi zilizoanikwa uani
zikiwa nyeupe kama mvi za mtu aliyeoga.
Shangazi alizisokota pajani, akitemea mate kiganjani,
mpaka paja likawa na njia yake, laini, bila unywele.
Kamba ile ilifunga maharage. Ilifunga mbuzi asiyesikia.
Ilifunga machela iliyompeleka Bukuru zahanati,
na iliyomrudisha.
Haikukatika. Sina la ziada la kusema hapo.

Mbegu zake zina kulabu.
Shangazi alivuka mpaka kwenda sokoni na maharage,
akarudi na kitenge na chumvi,
nazo zimevuka naye, kwenda na kurudi,
zimeng'ang'ania pindo, hazikuonyesha kibali kwa mtu.
Jioni mimi na Butoyi tulizing'oa moja moja karibu na moto,
tukazitupa nje ya mlango.
Ndiyo maana mmea uliizunguka nyumba yetu
ukidhani umealikwa.

Sasa kazi yangu ni dawa ya wadudu.
Nafungua makabati, nabadilisha vifuko, nafunga.
Leo karatasi hii imetoka ndani ya gazeti la mwaka themanini na nne,
lenye nusu ya tangazo la mgawo wa sukari,
na nimeona shina limefungwa, si kwa uzi wa dukani.
Ni kamba nyembamba, imesokotwa kinyume.
Shangazi alikuwa wa mkono wa kushoto.
Kamba zake zote zilipinda upande wake.

Uzi wa mtaalamu ulikuwa umeisha.
Sikumbuki, lakini lazima ulikuwa umeisha.
Nduguye amefungwa kwa nduguye,
na aliyefunga hayumo.

Sheria ya hapa, usifute cha mwenzio.
Bandika kikaratasi chini, jina lako, tarehe.
Nimekaa nacho tangu asubuhi.
Jina la kucheka ninalo, liko ulimini, linatekenya.
La kusifu limekwenda na waliolisifu.
Saa sita imepita.
Nimeandika kwa penseli:
Kamba ni ya Miburo. Majina yalikuwa mawili.
Kiza, Julai.

Wiki iliyofuata nilipanda treni ya Kigoma.
Tulipofika Uvinza, jua likichungulia dirishani,
nikaona kitu kwenye mkono wa sweta:
kidogo, cha kahawia, kimetia kulabu.
Miaka yote ile ndani ya gazeti.

Nikanyoosha kidole kuking'oa.
Nikakiacha.